Mbwa bila kamba Nairobi: jinsi ya kupata kiwanja chenye uzio karibu na kwako, kwa bei unayoimudu

Ukingoja uone kibao cha "Uwanja wa Mbwa" mtaani kwako, mbwa wako atazeekea kwenye kamba. Nairobi haina mtindo wa kila mtaa kuwa na kipande chake cha nyasi kilichozungushiwa wavu kwa ajili ya mbwa. Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000 na uzio wa umeme, unakaribisha mbwa, lakini kwa kamba. Ni haki, kwani humo kuna paa, tumbili na mbega, na mbwa aliyeona paa akikimbia hasikii tena jina lake. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi haitaki mbwa kabisa. Bustani za katikati ya jiji nazo zimejaa watoto, wapiga picha na watu waliojilaza nyasini wakipunga upepo. Huko usithubutu kufungua kamba.

Lakini hebu litazame jiji lenyewe. Ploti zina kuta, shule zina mageti, na kanisa la jirani lina uwanja wa kuegesha magari unaofurika Jumapili na kubaki mtupu siku nyingine zote (kama ni la Wasabato, geuza hesabu). Kwa hiyo usitafute uwanja wa mbwa. Tafuta uzio unaokaa bure saa moja kwa siku, kisha uelewane na mwenyewe. Kazi hiyo inafanyika hivi.

Anza na mbwa

Mbwa wengi wa Nairobi ni askari wa zamu ya usiku. Mchana kutwa wamefungiwa bandani, usiku wanafunguliwa, alfajiri wanarudishwa kabla watoto hawajatoka kwenda shule. Mbwa aliyelelewa hivyo hajawahi kukutana na mwenzake kwa amani. Anachokijua ni kubwekea chochote kilicho upande wa pili wa geti. Ukimtia kiwanjani pamoja na mbwa watano asiowajua, uzio hautamsaidia mtu, utakuwa umetengeneza ulingo. Huyo naye anahitaji kiwanja, pengine kuliko wote, ila apewe saa ya peke yake. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo linaloamua utafute kitu gani: kiwanja kikubwa cha kushirikiana, au kiuwanja kidogo cha kutumia kwa zamu.

Mtoto wa mbwa asikanyage mahali wanapocheza mbwa wengine kabla hajamaliza chanjo zake za mwanzo, kwa kawaida akiwa na wiki kama 16, na baada ya ile ya mwisho mpe wiki moja au mbili zaidi. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara unaoua watoto wa mbwa, huweza kukaa udongoni miezi mingi bila kuonekana. Jike aliye kwenye joto abaki nyumbani wiki tatu hivi, hata kama madume wote wa kundi lenu "ni wapole".

Halafu jaribu jambo moja ukiwa uani kwako. Mwite mbwa mara moja tu, akiwa amezama kunusa kitu. Akija, mambo yako ni mepesi. Asipokuja, chagua kiwanja kidogo, maana kumkimbiza mbwa asiyetaka kukamatwa kwenye uwanja wa mpira ni mazoezi yako wewe, si yake.

Kutafuta

Jiwekee mpaka wa mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Matatu haitakupakia na mbwa. Boda boda na Rottweiler ni kujitafutia ajali. Teksi ya kuita kwa simu inawezekana, lakini mpigie dereva kabla hajafika, mwambie una mbwa na una shuka la kutandika kiti. Ukimshtukiza getini atafuta safari na kwenda zake. Kiwanja cha mbali, hata kiwe kizuri vipi, utakwenda mara mbili tatu kisha utachoka.

Fungua ramani kwenye simu, iweke kwenye picha ya setilaiti, utazame mtaa wako kutoka juu. Unachotafuta ni mistatili ya kijani au ya udongo iliyozungukwa na ukuta. Weka alama kwenye kila mmoja, kisha toka asubuhi ukaione kwa macho. Njiani uliza wanaojua: mama mboga, fundi viatu, askari wa geti. Watu hawa wanajua ploti ni ya nani, mwenyewe huja lini, na kama kuna kesi. Ukikuta ukuta umeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ploti haiuzwi, ulizia mara mbili. Ardhi yenye mgogoro haifai hata kama ni ya bure. Asubuhi moja utakuta vijana wa upande mmoja wameletwa kulinda, na wewe umesimama katikati na mbwa.

Mahali pa kuuliza ni hapa, na nitasema wazi ninapopapenda zaidi.

Ploti tupu yenye ukuta wa mawe ndiyo chaguo langu la kwanza. Mwenyewe hana matumizi nayo kwa sasa, na mara nyingi anamlipa mtu wa kuilinda, kwa hiyo mbwa wanaokuja kila jioni ni faida kwake: wezi wa mageti na wamwaga taka hawapendi ploti yenye watu.

Uwanja wa tenisi au wa kikapu wa esteti ni wa pili. Wavu wake ni mrefu, mlango ni mmoja, na asubuhi na mapema hakuna anayecheza. Ubaya wake ni saruji, ambayo Januari na Februari inapata moto ifikapo adhuhuri. Gusa kwa nyuma ya kiganja, na kama huwezi kuvumilia hesabu ya kumi, mbwa naye hawezi. Ruhusa utaipata kwa kamati ya wakazi, si kwa keteka peke yake.

Kanisa linafaa siku za katikati ya juma, mradi ujue ratiba ya harusi, mazishi na maombi ya mchana. Shule ndogo ya binafsi inafaa wakati wa likizo, Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka, lakini hapo nina shaka. Mayai ya minyoo ya mbwa hubaki udongoni, na watoto hucheza kwenye udongo huo huo kisha wakala bila kunawa. Ukiomba shule, omba kona ambayo watoto hawachezi, na mbwa wote wawe wamepewa dawa ya minyoo. Mzazi akilalamika ana haki.

Kuna pia walimu wa mbwa na watu wanaolaza mbwa wa wasafiri, wengi wakiwa pembezoni mwa jiji penye nafasi. Uzio wao ndio bora kuliko wote kwa sababu ni kazi yao. Uliza kama wanakodisha kwa saa siku za kazi, mchana, wakati hawana wateja wengi. Bei itakuwa juu kidogo, na kwa kuwa mbwa wa kila namna wamepita hapo, uliza wanasafishaje.

Jambo la adabu: ukiwa South C, Pangani, Eastleigh au mtaa wowote wenye msikiti karibu, panga njia na saa zako mbali na nyakati za swala. Mtu aliyekwisha kutawadha hataki kuguswa na pua ya mbwa, na hana haja ya kukueleza kwa nini. Mbwa aonekane upande wa pili wa barabara, kwa kamba fupi. Ujirani wa namna hiyo ndio utakaokutetea siku mtu mwingine akilalamika.

Kagua uzio kama mwizi

Wengi hutazama urefu wa ukuta wakaridhika. Mbwa hatazami juu kwanza, hutazama chini. Zunguka ploti yote kwa ndani, polepole, macho yakiwa kwenye mstari ambapo ukuta unakutana na ardhi.

Kuta nyingi za Nairobi zina matundu ya kutolea maji ya mvua, yamekatwa sehemu ya chini kabisa. Yamefunikwa na majani, huyaoni mpaka uyasogeze kwa mguu. Mbwa mdogo, Japanese Spitz au Maltese, anapita hapo bila hata kukwaruzika. Kipimo ni rahisi: tundu ambalo kichwa cha mbwa kinaingia, mwili nao una njia. Ziba kwa vyuma vya kupitisha maji au wavu mzito, usizibe kwa mawe. Ukiyazuia maji, msimu wa mvua ukuta utaanguka na mwenye ploti atakudai.

Halafu angalia udongo. Upande wa Embakasi, Syokimau na sehemu za Lang'ata udongo ni ule mweusi wa kunata, ambao kiangazi hupasuka na mvua ikinyesha huvimba. Uzio wa nguzo na waya uliosimikwa humo hauko mahali pamoja mwaka mzima. Pengo la vidole viwili la Februari linaweza kuwa la shubiri Juni. Upande wa Kabete, Karen na Kiambu udongo mwekundu hautembei sana, lakini ni mtamu kuchimba, na mbwa mwenye nia huchimba njia chini ya waya ukiwa unajibu simu. Dawa ni moja pande zote mbili: mstari wa mawe makubwa chini ya waya, yaliyozikwa nusu.

Ua la kayaba linasifiwa kwa miiba yake, na kweli mwizi halivuki. Lakini kayaba iliyokatwa juu kila mwaka huwa nzito juu na tupu chini. Piga magoti utazame. Ukiona mwanga wa upande wa pili, mbwa ameuona pia. Seng'enge iwe juu ya kimo cha mbwa au isiwepo, kwa sababu mbwa anayekimbia mpira hasimami, na kidonda cha seng'enge kwenye paja ni safari ya kushonwa. Wavu wa kuku si uzio. Na kama juu kuna nyaya za umeme, hakikisha ule wa chini kabisa mbwa haufikii akisimama kwa miguu ya nyuma.

Kimo sasa. Mita 1.2 zinatosha kwa mbwa wadogo watulivu. Kwa German Shepherd na wa aina hiyo usishuke chini ya mita 1.5, na kama ni mrukaji, 1.8. Tazama pia vilivyorundikwa karibu na ukuta. Rundo la kokoto au matofali ni ngazi.

Geti ndilo linalopoteza mbwa wengi, kwa sababu mtu mmoja anaingia wakati mwingine anatoka. Viwanja vya mbwa vilivyojengwa makusudi vina mageti mawili yenye kichumba katikati. Wewe hutajenga hilo kwenye ploti ya mtu, kwa hiyo weka sheria badala yake: hakuna mbwa anayefunguliwa kabla geti halijafungwa kwa komeo, na hakuna anayefungua geti kabla mbwa wote hawajafungwa kamba.

Mwisho wa ukaguzi ni mimea na wadudu. Mbarika humea wenyewe kwenye ploti tupu za jiji hili na mbegu zake ni sumu kali, kwa hiyo ung'oe. Mnyaa, ule wa maji meupe, huchoma macho. Fyekesha nyasi ndefu, maana ndimo kupe wanamopandia na nyoka wanamojilaza. Mvua zikianza, tazama msafara wa siafu kabla ya kufungua kamba. Na kila siku, kabla mbwa hajaingia, mtu mmoja azunguke aone kama kuna nyama iliyorushwa kutoka nje. Wanaotega mbwa walinzi kwa sumu hawachagui mbwa.

Kuongea na mwenyewe

Usianze na neno mbwa. Anza na kiwanja.

"Habari ya leo, mzee. Naishi ile nyumba ya geti la kijani. Hii ploti yako naona haina mtu asubuhi."

"Haina. Unataka kununua?"

"Hapana, mzee. Nataka kuitumia saa moja tu, saa kumi na mbili mpaka saa moja. Nitafyeka nyasi, nizibe yale matundu, na nikulipe kitu kila mwezi."

"Kufanya nini?"

"Kukimbiza mbwa. Sisi ni majirani wanne."

Hapo atacheka au atakunja uso. Akikunja, mwambie mambo matatu bila kusubiri aulize: kinyesi mtaondoa, mbwa wote wana kadi za chanjo, na chochote kitakachoharibika mtalipa. Mpe wiki mbili za majaribio. Mtu anayeona nyasi zimefyekwa bila yeye kutoa shilingi hubadilika haraka.

Bei hutegemea mtaa na mtu, lakini hesabu ni ya kugawana. Tuseme anataka shilingi 4,000 kwa mwezi. Mkiwa wanne ni 1,000 kila mmoja, mkiwa wanane ni 500. Zaidi ya wanane sishauri, labda mgawane zamu. Anzisheni kundi la WhatsApp la mtaa, mchague mtu mmoja wa kukusanya pesa, na mlipe kwa M-Pesa ili kila mwezi uwe na ujumbe wa kuthibitisha. Andikeni karatasi moja: saa za kutumia, nani ana ufunguo, kiasi, na notisi ya mwezi mmoja kwa kila upande. Haihitaji wakili. Pesa taslimu kwa askari wa ploti bila mwenyewe kujua ni njia ya mkato itakayokufungia geti usoni.

Karatasi za mbwa

Kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya mbwa ya mwaka 2015, inayotaka mbwa awe na leseni na adhibitiwe awapo mahali pa umma. Kwa hiyo kutoka nyumbani hadi kiwanjani ni kwa kamba, hata kama ni hatua hamsini na mbwa wako "anajua njia".

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu na hurudiwa kila mwaka. Kundi lisimpokee mbwa asiye na kadi yenye mhuri wa daktari wa mifugo, wala lisione haya kuiomba. Wanaobana matumizi waulize kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, au KSPCA, shirika la kutetea wanyama, kule Karen. Wafuatilie pia matangazo kila ikaribiapo Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ambapo chanjo za bure hutolewa mara nyingi. Dawa ya kupe ni lazima. Homa za kupe ndizo zinazowalaza mbwa wengi wa jiji hili.

Mtu aking'atwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ana kadi. Mbwa mwenyewe awekwe chini ya uangalizi siku 10.

Siku ya kwanza

Msiingie wote pamoja. Watembezeni mbwa nje ya ploti kwanza, sambamba, kila mmoja na kamba yake, mpaka waache kukodoleana macho. Kisha waingie wawili walio watulivu, na wengine mmoja mmoja. Mnyororo wa kukaba uvuliwe, kwa sababu jino la mwenzake likinaswa humo wote wawili wataogopa na vita itaanza. Acheni mpira, mifupa na biskuti nyumbani kwa siku hizo za mwanzo. Mbwa wengi hugombania kitu kabla ya kugombana wenyewe.

Mwenye mbwa asimame karibu, simu mfukoni. Mwili unaolegea, mkia unaopepea na mgongo wote, kuinama mbele matako yakiwa juu: huo ni mchezo. Mwili uliokaza kama mbao, mdomo uliofungwa, macho yasiyopepesa: mwite wako umtoe pembeni sasa hivi, usingoje ngurumo. Dakika 20 zinatosha. Waondoke wakiwa bado wanatakana.

Kinyesi kila mtu aokote cha mbwa wake. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, paketi ya unga iliyokwisha ndiyo kifaa bora: ni karatasi ngumu, haivuji haraka, na kila jikoni ipo. Kitupwe kwenye choo cha shimo au kizikwe mbali na mboga, kisiachwe ukutani "nitakirudia".

Ukikosa kabisa

Kamba ndefu ndiyo mbadala. Nenda hadiwea, si duka la wanyama, ununue mita 10 za kamba ya nailoni nene kama kidole kidogo. Katani usichukue, itakuchubua viganja. Ifunge kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, kwa sababu mbwa akikimbia mpaka mwisho wa kamba shingo ndiyo itakayopokea kishindo. Kwenye uwanja mpana usio na watu atanusa, atazunguka na kukimbia nusu ya anavyotaka, na ukimwita atazoea kuitika. Kwa mbwa wengi wazee hiyo inatosha, na hulipi mtu.

Ama mliopata ploti, msisahau kuwa Nairobi haiachi ploti tupu kwa muda mrefu. Siku utakapoona lori limemwaga kokoto getini, usibishane na mzee. Mwombe salio la mwezi, rudisha ufunguo, na jioni hiyo hiyo fungua tena ile picha ya setilaiti.